Bernard wa Clairvaux na ngazi nne za kumpenda Mungu

Katika makazi kama haya tunamoishi, siku za ibada hazipiti kimya. Ijumaa kuna adhana, Jumamosi kuna Waadventista, Jumapili nyimbo zinatoka katika kila mtaa kwa lugha tano au sita. Na mahali penye ibada nyingi, huwa kuna swali linalorudi mara kwa mara. Mtu anayemkimbilia Mungu kwa sababu ya njaa, ugonjwa au vita, anampenda Mungu kweli, au anatafuta msaada tu? Wengine hulitamka kwa dharau. Husema fulani amekumbuka kusali baada ya kupata shida.

Swali hilo ni la zamani sana. Miaka karibu 900 iliyopita, mtawa mmoja wa Ufaransa aliandika kitabu kifupi juu ya kwa nini Mungu apendwe na namna ya kumpenda. Mtu huyo alikuwa mkali kwa nafsi yake na kwa wengine. Hata hivyo, kuhusu wanaomtafuta Mungu kwa sababu ya shida, aliandika kwa upole ambao huenda ukakushangaza. Jina lake ni Bernard wa Clairvaux.

Leo tunakuletea maisha yake, pamoja na sehemu zake ngumu. Mtu huyu aliyeandika vizuri juu ya upendo ndiye pia aliyewahimiza maelfu ya watu kwenda vitani. Wewe uliyekimbia vita unastahili kuyajua yote mawili. Si lazima uwe Mkatoliki, wala Mkristo, ili ufuatilie habari hii.

Kijana wa nyumba ya askari

Bernard alizaliwa mwaka 1090 huko Fontaine, karibu na mji wa Dijon, katika eneo la Burgundy. Baba yake, Tescelin, alikuwa askari wa farasi aliyemtumikia mtawala wa Burgundy. Mama yake aliitwa Aleth. Walikuwa na watoto saba, wavulana sita na msichana mmoja, na Bernard alikuwa wa tatu. Katika familia za namna hiyo, mtoto wa kiume alitarajiwa kushika upanga. Lakini Bernard alipelekwa shule ya makanisa huko Châtillon-sur-Seine, akajifunza Kilatini vizuri sana. Mama yake alifariki Bernard akiwa bado kijana, na wanaosimulia maisha yake wanasema kifo hicho kilimgusa kwa muda mrefu.

Wakati huo kulikuwa na monasteri moja mpya na maskini iliyoitwa Cîteaux, iliyoanzishwa mwaka 1098. Watawa wake walitaka kurudi kwenye maisha ya zamani ya kitawa: kazi za mikono, chakula kidogo, nguo za sufu isiyotiwa rangi, na makanisa yasiyo na mapambo. Abati wao alikuwa Mwingereza, Stephen Harding.

Karibu mwaka 1113 Bernard aligonga mlango wa Cîteaux. Hakuwa peke yake. Alikuja na watu wapatao 30, wakiwemo ndugu zake na mjomba wake. Alikuwa amewashawishi mmoja mmoja. Kaka yake mkubwa, Guy, alikuwa na mke na watoto. Mke huyo alikataa kwanza, baadaye akakubali. Inasimuliwa pia kwamba mama fulani waliwaficha watoto wao wa kiume Bernard alipopita, wakiogopa maneno yake. Tangu ujana, basi, kipaji chake kikubwa kilikuwa hicho. Akizungumza, watu waliacha walichokuwa nacho wakamfuata. Shika jambo hilo, ndugu msomaji, maana tutalihitaji mbele.

Mdogo wao wa mwisho, Nivard, aliachwa nyumbani. Inasemekana kaka zake walimwambia kwamba mashamba yote sasa ni yake. Mtoto huyo akalalamika kuwa mgawanyo huo si wa haki, kwa sababu wao wamechukua mbingu na yeye wamemwachia udongo. Baadaye naye aliwafuata. Hata baba yao, uzeeni, aliingia katika monasteri ya mwanawe, akafia humo.

Bonde la Clairvaux

Mwaka 1115 Stephen Harding alimtuma Bernard, akiwa na miaka 25 tu, aende na watawa 12 kuanzisha monasteri mpya katika bonde lenye msitu, eneo la Champagne. Mahali hapo pakaitwa Clairvaux, maana yake bonde lenye mwanga.

Wewe uliyewahi kushushwa kwenye kiwanja kitupu, ukapewa turubai na kuambiwa uanze maisha, utaelewa miaka ile ya kwanza bila maelezo mengi. Walijenga kwa mikono yao. Mkate wao ulikuwa wa shayiri na nafaka duni. Inasimuliwa kwamba kuna majira walichemsha majani ya miti ili wapate kitu cha kula. Baadhi walikata tamaa, wakataka kurudi.

Tofauti ni kwamba wao walikuwa wamechagua kwenda huko, na wengi wenu hamkuchagua. Bernard mwenyewe alijitesa kupita kiasi. Alifunga na kukesha hadi tumbo lake likaharibika, na ugonjwa huo hakupona maisha yake yote. Askofu William wa Champeaux alipomwona katika hali ile, aliingilia kati, akaomba ruhusa kwa wakuu ili Bernard akae mwaka mmoja nje ya utaratibu wa monasteri, katika kibanda kidogo, apate kutunzwa. Huko ndiko alikotembelewa na William wa Saint-Thierry, aliyekuja kuwa rafiki yake mkubwa na ndiye aliyeanza kuandika habari za maisha yake.

Pamoja na ugumu huo, watu walizidi kuja. Clairvaux ilipojaa, ilituma makundi kwenda kuanzisha monasteri nyingine. Bernard alipofariki, shirika la Cîteaux lilikuwa na nyumba zaidi ya 300 katika Ulaya, na sehemu kubwa ilitokana na Clairvaux.

Kitabu alichomwandikia kardinali

Bernard alikuwa na rafiki Roma, Kardinali Haimeric, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya barua za Papa. Huyo alimletea maswali. Bernard akachagua moja tu la kujibu, lile la kumpenda Mungu. Jibu lake likawa kitabu kidogo cha Kilatini ambacho kinasomwa mpaka leo.

Sehemu inayojulikana zaidi ni ile ya ngazi nne. Tutazieleza kwa maneno yetu na kwa mifano unayoifahamu.

Ngazi ya kwanza ni mtu kujipenda mwenyewe kwa ajili yake mwenyewe. Mtoto mchanga akilia njaa hafikirii mama yake amechoka. Bernard hakuiita hali hiyo dhambi. Alisema maumbile yetu ni dhaifu na yanalazimika kujihudumia kwanza. Lakini upendo huo ukikaa kwa mtu mmoja tu unafurika na kuharibu, kama mto unaovunja kingo. Dawa yake ni jirani. Mtu anapokubali kwamba mwenzake ana haja sawa na yake, na akamgawia, upendo ule wa nafsi unageuka kuwa upendo wa jamii. Bernard hata aliuliza itakuwaje mtu akigawa mpaka yeye mwenyewe apungukiwe. Jibu lake lilikuwa kwamba hapo ndipo mtu anapojifunza kumwomba Mungu bila aibu.

Kwa hiyo mama anayepunguza kikombe kimoja cha unga siku ya mgao na kumpa jirani ambaye kadi yake ina matatizo, kwa hesabu ya Bernard, tayari ameanza safari hii. Labda yeye mwenyewe hajaiita dini.

Ngazi ya pili ni mtu kumpenda Mungu kwa ajili ya nafsi yake. Shida inampata, anagundua hawezi kusimama peke yake, anaomba, anasaidiwa. Kesho shida nyingine inakuja, anarudi tena. Anampenda Mungu kwa sababu anamhitaji. Hapa ndipo wengi wanapocheka na kusema huyo anatafuta msaada tu. Bernard hakucheka. Kwake hii ilikuwa ngazi halali, na hakuna njia ya kufika juu bila kuipitia. Alifundisha kwamba shida yenyewe ina kazi, kwa sababu inamfanya mtu arudi mara nyingi kwenye mlango ule ule.

Ngazi ya tatu inatoka katika kurudi huko. Mtu aliyekwenda mara nyingi kwa sababu ya haja, polepole anamfahamu anayemwendea. Ni kama mgonjwa anayekwenda kila wiki kwa muuguzi mmoja. Mwanzo anafuata dawa. Baadaye, hata akipona, anapita kumsalimia kwa sababu amemjua. Ndivyo mtu anavyofika kumpenda Mungu kwa jinsi Mungu alivyo, si kwa alichopewa peke yake. Na Bernard aliongeza jambo muhimu: mtu wa ngazi hii haoni uzito kumpenda jirani, kwa sababu anapenda kila kilicho cha Mungu.

Ngazi ya nne ni mtu kujipenda mwenyewe kwa ajili ya Mungu tu. Huenda ulidhani safari itaishia kwenye kujichukia. Bernard hakufika huko. Mwisho wa ngazi zake mtu bado anajipenda, ila anajiona kwa jicho la Mungu. Kuieleza, alitumia mifano ya tone la maji linalopotea ndani ya divai, chuma kinachowaka kama moto, na hewa inayojaa mwanga wa jua. Lakini hakudai kuwa ameifikia. Alitilia shaka kama kuna mtu anayeweza kukaa hapo akiwa bado duniani, na akaiweka ngazi hiyo hasa baada ya ufufuo. Alisema hata roho za watakatifu bado zinautamani mwili wao, na mpaka zitakapoupata hazijatulia kabisa. Kwa mtu aliyeutesa mwili wake hivyo, hilo ni neno la kutafakari.

Mtumwa, kibarua na mtoto

Mwishoni mwa kitabu hicho Bernard aliweka barua aliyokuwa amewaandikia zamani watawa wengine, wa shirika la Wakartusi. Humo anataja watu watatu. Wa kwanza ni mtumwa, anayemtii Mungu kwa hofu. Wa pili ni kibarua, anayefanya kwa sababu ya ujira. Wa tatu ni mtoto wa nyumba, anayefanya kwa sababu anampenda baba yake.

Hakusema kwamba mtumwa na kibarua wafukuzwe. Alisema upendo hauondoi hofu wala tamaa ya ujira, bali unavipanga mahali pake. Hofu inakuwa heshima, na tamaa inajua kipi kitangulie. Mafundisho haya yalienea sana katika Ulaya ya wakati ule, kwa sababu yalimpa mtu wa kawaida njia ya kujipima bila kukata tamaa. Alijua anaweza kuwa chini leo na bado yuko njiani.

Msiba wa ndugu yake

Mwaka 1135 Bernard alianza kuwafundisha watawa wake kitabu cha Wimbo Ulio Bora, kile kinachoeleza mapenzi ya bwana arusi na bibi arusi. Aliyasoma mapenzi hayo kama habari ya Mungu na roho ya mwanadamu. Kwa miaka 18 aliendelea, akaacha mahubiri 86, na alipofariki alikuwa amefika tu mwanzo wa sura ya tatu.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1138, ndugu yake Gerard alifariki. Gerard ndiye aliyekuwa mtunza ghala wa Clairvaux. Alisimamia chakula, mafundi, mashamba na wageni, ili Bernard apate nafasi ya kusali na kuandika. Bernard alimzika bila kutoa chozi. Kisha akaenda kuendelea na mahubiri yake kana kwamba hakuna lililotokea, na katikati ya maneno akashindwa. Aliacha somo na kuanza kumlilia ndugu yake mbele ya watawa wote. Alieleza jinsi alivyomtegemea, na akakubali kwamba kumpenda Mungu hakukumwondolea uchungu wa kumpoteza mtu.

Kama umewahi kuambiwa kwamba kulia msibani ni kukosa imani, kumbuka kwamba mwalimu mkubwa wa upendo wa Mungu katika zama zile alilia hadharani, na mahubiri yenye kilio hicho yakahifadhiwa pamoja na mengine.

Vita alivyovihubiri

Sasa tunafika kwenye sehemu ngumu.

Bernard alitaka kukaa kimya bondeni, lakini hakukaa. Mwaka 1130 walipochaguliwa mapapa wawili kwa wakati mmoja, alizunguka Ulaya kumtetea Innocent II mpaka ugomvi ulipokwisha mwaka 1138. Alipambana na mwalimu maarufu Peter Abelard, ambaye mafundisho yake aliyaona ya hatari, na Abelard akahukumiwa. Abati mwingine, Peter wa Cluny, ndiye aliyempokea Abelard na kusaidia wawili hao wapatane kabla Abelard hajafariki mwaka 1142.

Mapema zaidi, Bernard alikuwa ameandika kuwasifu Watempla, askari walioweka nadhiri za kitawa huku wakipigana vita katika Nchi Takatifu. Alijaribu kuonyesha kwamba mtu anaweza kushika upanga kwa ajili ya Mungu na moyo wake ukabaki safi.

Mwaka 1144 mji wa Edessa, ambao leo uko kusini mashariki mwa Uturuki, ulitwaliwa na Zengi, mtawala Mwislamu. Papa wa wakati ule, Eugenius III, alikuwa zamani mtawa wa Clairvaux, mwanafunzi wa Bernard mwenyewe. Alimpa mwalimu wake kazi ya kuhubiri vita vipya, vile tunavyoviita Vita vya Pili vya Msalaba. Tarehe 31 Machi 1146, siku ya Pasaka, Bernard alizungumza huko Vézelay mbele ya Mfalme Louis VII wa Ufaransa na umati mkubwa. Watu walipigania vitambaa vya msalaba vya kushona nguoni, na inasimuliwa kuwa vilipokwisha Bernard alichana vazi lake mwenyewe. Kisha akaenda Ujerumani, na wakati wa Krismasi Mfalme Conrad III naye akakubali kwenda.

Unakumbuka kile kipaji cha ujana wake? Ni kilekile. Aliposema, watu waliacha nyumba. Safari hii hawakwenda kwenye monasteri. Aliunga mkono pia vita dhidi ya Wawendi, watu wa jamii ya Waslavi waliokuwa upande wa mashariki wa Wajerumani na ambao hawakuwa Wakristo.

Wayahudi wa Rhine

Wakati huohuo, katika miji ya mto Rhine, mtawa mmoja aitwaye Radulf alianza kuhubiri bila ruhusa kwamba kabla ya kwenda mbali, watu wawaue Wayahudi walio jirani zao. Watu walimsikiliza, na Wayahudi wakauawa. Wengine walikimbilia katika ngome.

Bernard aliandika barua kupinga mauaji hayo. Barua zilipoonekana hazitoshi, alikwenda mwenyewe. Alimkuta Radulf mjini Mainz, akamwamuru aache kuhubiri na arudi katika monasteri yake. Watu wa mji walikasirika, maana walimpenda Radulf, lakini waliogopa kumgusa Bernard.

Tunalijua jambo hili pia kutoka upande wa waliokuwa hatarini. Ephraim wa Bonn, Myahudi aliyekuwa mtoto wakati ule, baadaye aliandika historia ya mateso hayo. Alimtaja Bernard kwa shukrani kuwa aliwaokoa watu wake, na akabainisha kwamba hakuchukua fedha kwa kazi hiyo.

Tusimpambe kupita kiasi. Sababu alizotoa Bernard zilikuwa za wakati wake. Aliwaona Wayahudi kama ushahidi wa Maandiko na watu watakaokuja kuamini siku moja. Hakuwatetea kwa msingi wa haki sawa kama tunavyozungumza leo. Lakini pale umati ulipokuwa na silaha mkononi na jina la Mungu mdomoni, alisimama mbele yake na kuukataza, na kuna watu waliobaki hai kwa sababu hiyo.

Kushindwa

Vita alivyovihubiri viliisha vibaya. Jeshi la Conrad lilivunjwa katika nchi ya Uturuki ya leo mwaka 1147. Wafaransa nao walipata hasara kubwa njiani. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa kabla ya kufika. Julai 1148 wafalme hao waliuzingira mji wa Damascus, na baada ya siku chache tu wakaondoka bila kuupata. Edessa haikurudishwa.

Lawama zilimrudia Bernard. Familia zilizopoteza watu wao zilikumbuka ni nani aliyewahimiza. Katika kitabu alichomwandikia Papa Eugenius, alijibu. Alilinganisha habari hiyo na Waisraeli waliotoka Misri na Musa lakini hawakuingia katika nchi ya ahadi kwa sababu ya makosa yao. Alisema pia kuwa kama watu lazima walalamike, ni afadhali wamlalamikie yeye kuliko Mungu. Alikubali kubeba lawama, lakini hakusema kwamba wito wenyewe ulikuwa na kasoro.

Hapo ndipo wasomaji wengi wa Bernard hukwama, na ni haki wakwame. Mtu aliyeandika kwamba anayempenda Mungu hupenda kila kilicho cha Mungu, aliwatuma watu kuua wanadamu wengine. Wengine husema alikuwa mtoto wa zama zake na wa nyumba ya askari. Ni kweli, lakini zama hizohizo alijua kumzuia Radulf. Alikuwa na kipimo mkononi. Huko Rhine alikitumia, na huko Vézelay hakukitumia.

Bernard alifariki Clairvaux tarehe 20 Agosti 1153. Mwaka 1174 Kanisa lilimtangaza mtakatifu, na mwaka 1830 akapewa cheo cha mwalimu wa Kanisa. Monasteri yake ilifungwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na mwanzoni mwa karne ya 19 majengo yakageuzwa kuwa gereza.

Yanayotuhusu

Wafuasi wa njia ile ya Cîteaux wamefika pia katika eneo letu. Tawi lao la Watrapisti lilijenga monasteri Mokoto, Masisi, katika Kivu Kaskazini, na nyingine magharibi mwa Kenya, miaka ya 1950. Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia Mokoto walishambuliwa na wengi wakauawa, na watawa wenyewe wakalazimika kuondoka. Wale wa Kenya walihama baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakaenda kuanza upya Uganda. Watoto wa Bernard, basi, nao wanajua kukimbia. Baadhi yenu mnaosoma mnaifahamu Mokoto kuliko sisi.

Kwa hiyo swali la upendo wa Mungu si la vitabu vya zamani tu. Kila mmoja wetu amesikia jina la Mungu likitajwa na waliofukuza watu, na amelisikia tena kwa waliowaficha watu hao uvunguni na kuwapa uji. Maneno yanaweza kufanana kabisa. Bernard mwenyewe aliyatumia katika hali zote mbili, na alikuwa msomi, mwenye sala, asiyependa fedha.

Kutoka kwake unaweza kuchukua mambo mawili. La kwanza ni kwa ajili ya anayechekwa. Ikiwa ulianza kusali kwa sababu mtoto aliugua, au kwa sababu ulivuka mpaka usiku bila kitu mkononi, hujamdanganya Mungu. Uko kwenye ngazi ya pili, na yeye aliyeziandika ngazi hizo aliamini kwamba kila mtu hupitia hapo.

La pili ni kwa ajili ya anayeongoza wengine, awe mchungaji, shehe, katekista, mwenyekiti wa mtaa au kiongozi wa vijana. Unapowaita watu kwa jina la Mungu, angalia unawapeleka wapi na ni nani atakayeumia wakifika. Imani kubwa na maneno matamu havitoshi kukuhakikishia kuwa hukukosea. Bernard alikuwa navyo vyote. Rudi kwenye ngazi ya kwanza, pale anapoonekana jirani mwenye haja kama yako, na uulize kama wito wako unamgawia kitu au unamnyang'anya.

Kama una jirani asiyeweza kusoma, msomee makala hii kwa sauti. Kisha mzungumze juu ya Vézelay na juu ya Mainz, na umsikilize yeye angemwambia nini Bernard katika kila mji.